Geji ya Moshi

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anadai kwamba jioni ile aliliona lori likirudi huku bomba lake la moshi likiwaka kama kaa. Si kwamba lilikuwa la moto tu, hapana. Lilikuwa jekundu, anasema, kuanzia ubavuni mwa injini mpaka chini ya kabini, hata ukuta wa kibanda chake ukapata rangi ya chungwa na mteja aliyekuwa kitini akauliza nani kawasha taa. Majogoo wa nyuma ya nyumba, kwa maelezo yake, walidhani kumekucha wakaanza kuwika. Na mle kabini mwenye lori alikuwa ametulia tuli, mkono mmoja dirishani, anaimba wimbo wa kubembelezea watoto.

"Naapa kwa wembe huu," humalizia kinyozi, na yule aliye chini ya wembe huo hukubali upesi.

Ukiondoa majogoo, na ukiondoa ule mwanga ukutani, mengine hayakuwa mbali na kweli. Harufu ya chuma kinachoungua ilifika mtaani kabla ya lori lenyewe kukata kona. Ilipita madirishani, ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa. Binti wa mwenye lori alikuwa getini na mama yake, wote wawili wameziba pua. Baba akashuka, akanyoosha mgongo, akawatazama.

"Mbona mmejipanga kama mnapokea mgeni?"

"Wewe mwanaume," mama alisema, "hiyo harufu huisikii?"

"Harufu gani?" Kisha haraka, kama mtu aliyekumbuka kitu: "Aa, hiyo. Nina mafua."

Mafua hayo yalikuwa na mambo yake. Yalianza baada ya homa moja kali iliyomlaza baba mwanzoni mwa mwaka, na homa ilipoondoka yakabaki. Lakini hayakuwa na chafya, wala kamasi, wala leso. Binti aliyatazama kwa jicho la pembeni, maana alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Alimwona baba akishika madumu mawili, moja la petroli na jingine la dizeli, akiyainua puani kwa zamu, kisha akimpa yeye: "Hebu nusa, mama, mimi nina mafua." Alimwona akinywa maziwa yaliyochacha mpaka mwisho wa kikombe na kushukuru. Hapo ndipo alipojua kwamba si mafua. Pua ya baba ilikuwa imefunga duka.

Na pua ile ndiyo iliyokuwa ikiliendesha lori. Miguu na mikono ilikuwa ikipokea amri tu. Utotoni, binti alipokuwa akilala kwenye kigodoro nyuma ya viti, alikuwa akimsikia baba katikati ya mlima, usingizini, sauti ikitoka mbali kama chini ya maji: "Mmh, unaanza kuungua wewe. Pumzika." Lori lilipunguza mwendo, usingizi ukaendelea. Lilikuwa halijatoa hata moshi mweusi, lakini yeye alikwisha kulinusa.

"Sasa nisikilize," mama alisema jioni ile, mikono kiunoni. "Likirudi hivi mara nyingine, naligeuza banda la kuku. Funguo nazitupa chooni."

"Kuku wa nani? Huna hata kifaranga."

"Nitanunua! Bora kufuga kuku kuliko kuletewa mume amefungwa kwenye shuka."

Utani uliishia hapo. Mama akaingia ndani, na baba akabaki amesimama kando ya lori, kiganja juu ya boneti, kama anayempima mtoto homa.

Kesho yake binti alimfuata fundi mmoja aliyeitwa Ndevu Tatu, kwa sababu ndevu zake zilikuwa chache kiasi hicho na alizipenda kiasi hicho. Alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu nje, na binti akaongea na miguu.

"Kuna kile kipimo cha joto la moshi. Kinachotiwa kwenye ekzosi, mshale ukakaa mbele ya dereva. Unaweza kukifunga kwenye lori la zamani?"

"Lori la zamani ndilo linalokihitaji," miguu ilijibu. "Jipya linajisemea lenyewe."

"Basi mwambie baba kwamba siku hizi malori yote yanawekewa. Usimwambie ni mimi niliyekutuma."

Fundi akajivuta nje, uso umejaa mafuta. "Binti, mimi kudanganya sijui."

"Mteja wa jana ulimwambia spea iko njiani."

"Huko si kudanganya. Huko ni kumtia mtu moyo."

Hata hivyo alikwenda kumtia moyo baba. Baba alikizungusha kile kipimo mkononi, kioo chake cha mviringo, tarakimu zake nyembamba, mstari mwekundu kuanzia mia saba. "Saa ya moshi?" alisema. "Kwani moshi una miadi na nani?" Lakini hakukirudisha. Alisema tu kwamba kama ni lazima kufungwa pambo, basi lifungwe upande wa abiria, lisimzuie kuona barabara.

Gereji ilikuwa tulivu asubuhi hiyo, mwanga umeingia kupitia matundu ya bati na kusimama sakafuni kama nguzo. Ndevu Tatu alipiga alama kwa chaki kwenye chuma kinene kinachokusanya moshi wa injini, kisha akasema, "Washa."

"Niwashe? Unataka kulitoboa likiwa macho?" baba aliuliza.

"Mzee wangu, nikilitoboa limezimwa, chenga za chuma zitadondoka ndani. Zikiingia kwenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi, itajikata yenyewe, na hapo ndipo utanitafuta na panga. Likiunguruma, moshi wenyewe unazitema nje. Washa, liache lipumue polepole."

Baba akawasha, akaenda kusimama mlangoni, mgongo umegeuka. Binti akapewa kopo la grisi na kazi ya kupaka ncha ya drili kila ilipotolewa, ili chenga zinate pale. Drili iliingia kidogo, ikatoka. Akapaka. Ikaingia, ikatoka. Lori lilitikisika taratibu, na mtikisiko ulipanda kupitia viatu vyake mpaka kwenye meno, mpaka asijue tena kama ni lori linalotetemeka au ni yeye. Chenga ndogo zilimeta kwenye nguzo za mwanga na kukawia kuanguka. Alihisi kwamba kama angefumba macho angejikuta kwenye kile kigodoro, barabara ikipita chini yake bila mwisho.

Drili ikapenya. Moshi ukatoka kwa mluzi mwembamba, sauti moja ndefu, na vumbi la chuma likaruka nje kama Ndevu Tatu alivyoahidi.

Ndipo baba alipogeuka. Alikuja, akainama kwenye lile tundu, uso karibu kabisa, akafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Akavuta tena. Binti akamwona uso. Ulikuwa uso wa mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, na ndani kimya.

"Safi," baba alisema, akaenda zake nje.

Ndevu Tatu alimtazama binti. Binti akatazama grisi. Wakakata hesi, zile njia za skrubu, kwenye tundu, wakakaza kijiti cha kupimia, wakapitisha waya mpaka kabini. Waya ulibaki mrefu, na binti akauliza kama aukate.

"Thubutu! Ukiukata, mshale utaanza kusema uongo. Uzungushe, uufiche nyuma ya dashibodi. Mimi nimedanganya kwa ajili yako, yatosha."

Safari ya kwanza ilikuwa mbao, shehena kamili, na mlima uleule. Baba na binti walitoka alfajiri. Mama alikuja getini, lakini hakusema na mumewe. Alishika mlango wa upande wa abiria, akasema, "Macho yako, mwanangu," akaachia.

Chini ya mlima ukungu uliwapokea. Miti ilikuja mmoja mmoja kutoka katika weupe, ikasimama kidogo dirishani, ikarudi ilikotoka. Hapakuwa na barabara mbele wala nyuma, kipande tu kilichokuwa chini ya taa. Katika weupe ule kitu pekee kilichokuwa na mahali pake kilikuwa mshale. Mia tatu. Mia nne. Ulipanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi usingizini.

Baba alikuwa ameng'ang'ania gia kubwa. Ndivyo alivyoupanda mlima huo siku zote, gia kubwa na mguu mzito, akilegeza pale tu pua ilipomwambia. Kila kona pua zake zilitanuka, kwa mazoea, kama mtu anayepapasa mfuko ambao anajua umetoboka.

Mia tano na hamsini. Mia sita.

Binti aliukazia macho mshale. Kusema "linaungua" kulikuwa ni kumwambia baba jambo jingine kabisa, jambo ambalo wote wawili walikuwa wamelifunika vizuri miezi yote hiyo. Alitamani mshale umsemee. Lakini mshale ulikuwa upande wake yeye.

"Baba."

"Mmh."

"Mshale unakaribia nyekundu."

"Hicho kipimo kigeni, hakijazoea mlima." Akavuta pumzi puani, ndefu. "Mbona sisikii harufu yoyote?"

Mia sita na themanini. Ilikuwa imeshaingia kabini, ile harufu ya jioni ile, chuma na ukali unaokaa nyuma ya koo. Binti akapiga moyo konde.

"Mimi naisikia, baba."

Baba hakumtazama. Miti miwili ikaja, ikaenda. Mshale uligusa mstari mwekundu na kutulia juu yake. Binti aliona shingo ya baba ikikaza, akadhani sasa atafokewa, au mbaya zaidi, atachekewa. Kisha mkono ukaenda kwenye gia. Klachi, gia ndogo, tena ndogo zaidi. Injini ikapandisha sauti, mwendo ukashuka ukawa wa mtu anayetembea. Mshale ulisita. Halafu ukaanza kurudi.

"Ngapi?" baba aliuliza.

"Mia sita na hamsini."

Kona nyingine. "Ngapi?"

"Mia sita."

"Sasa?"

"Mia tano na kitu."

"Kitu ni nini? Soma vizuri, binti, unanipimia unga?"

"Mia tano na arobaini, mzee wangu!"

"Haya."

Wakaendelea hivyo, baba akiuliza na binti akijibu, mpaka maswali yakawa kama kupumua, na ukungu ukawa mwepesi, na mara hapakuwa na mlima tena, ila uwanja wa kokoto kileleni wanakopumzikia malori. Baba aliegesha. Hakuzima injini. Ndevu Tatu alikuwa amesema waliache liungurume polepole mpaka mshale ushuke chini ya mia mbili, ndipo wazime. Basi wakakaa. Lori lilikuwa peke yake pale juu, na chini yao weupe mtupu.

Baba alivua kofia, akaiweka gotini.

"Tangu ile homa," alisema, kana kwamba walikuwa wamelizungumza jambo hilo mara nyingi, "hata mama yako simjui kwa harufu. Nalala kama niko nyumba ya wageni."

Binti hakugeuza uso. Mia tatu na kumi.

"Nikifika hapa nilikuwa nashuka, nalizunguka lote. Nalinusa kila mahali, mpaka mbao. Nilikuwa najua limekasirika au limefurahi." Akacheka kidogo. "Wenzangu walikuwa wananiita mbwa."

Injini iliunguruma chini ya miguu yao. Binti akateremsha kioo, hewa ikaingia: chuma cha moto kinachopoa, dizeli, utomvu wa mbao mbichi, majani yenye maji, na chini ya hivyo vyote kitu kingine, kitu cha kwenye kile kigodoro, ambacho hakuwahi kumsikia mtu akikipa jina.

Baba alikuwa amemgeukia, amefumba macho.

"Niambie wewe, mama. Taratibu, usiruke kitu. Leo linanukaje?"