Betri ya Bwana Baridi

Ilipofika saa mbili kasoro asubuhi, Karani wa kumbukumbu alikuwa amekwisha kupangusa vumbi kwenye kompyuta, ameiwasha, na anaisubiri kama mtu anavyomsubiri mzee avae viatu. Mashine ilikuwa kuukuu. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ndipo orodha ikafunguka: watu mia tatu na sita wanaongoja kutolewa mtoto wa jicho. Daktari wa macho alifika hospitali ile mara moja kwa mwezi, akapasua watu kumi, akaondoka.

Jina la tisa lilikuwa la mama mkwe wake. Alilichapa kwa mkono wake miaka miwili na miezi mitatu nyuma, likiwa la mia mbili sabini na tisa, na hakulisogeza hata hatua moja, ingawa kulisogeza kulikuwa kubonyeza mara mbili tu. Wenzake walimcheka. Yeye aliwajibu kwamba Mungu hahitaji umeme ili aone. Sasa zamu ilikuwa imefika yenyewe, kwa haki. Alhamisi hii.

Chini ya meza palikuwa na alama nyeupe ya mraba, mahali ilipokuwa ikikaa betri ya akiba. Betri ile kazi yake ilikuwa moja: umeme ukikatika, iishikilie kompyuta kwa robo saa ili mtu ahifadhi kazi na azime salama. Mwaka uliopita mkuu wa hospitali aliiazima, ikahamia ofisini kwake kushikilia friji ya maji na soda. Ndiyo maana wafanyakazi, mlango ukishafungwa, walimwita Bwana Baridi. Karani alimwandikia barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba asubiri. Ya pili vilevile. Ya tatu ilijibiwa kwa mdomo, kwenye korido, mbele za wagonjwa: kwani yeye aliajiriwa kuchapa au kulinda betri?

Basi akajilinda kimaskini. Alilitazama pangaboi la darini; umeme ukilegea, likianza tu kuzubaa, alihifadhi. Flashi ya hospitali ya kuwekea nakala aliichukua huyohuyo Bwana Baridi kwa siku mbili, na huu ulikuwa mwezi wa pili. Kuleta flashi ya nyumbani lilikuwa kosa la kufukuzwa. Kwa hiyo kila Jumanne jioni Karani alinakili orodha nzima kwenye daftari la shule, kwa kalamu, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa akisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hiyo wakaguzi wa makao makuu walikuwa wanakuja kuangalia jambo hilohilo: kama hospitali inazilinda kompyuta na kumbukumbu zake umeme unapokatika. Saa mbili na nusu Tarishi aliingia akihema, amekumbatia betri kama mtoto mgonjwa.

"Leo friji imefunga saumu," akasema. "Pokea mali yako, dada. Tena ina lebo mpya."

Lebo ilisema KOMPYUTA TU, na gundi yake ilikuwa bado mbichi. Karani akainama, akabonyeza kitufe. Betri haikulia wala kuwasha taa. Mwaka mzima wa friji ulikuwa umeinyonya.

"Imekufa hii."

"Najua. Nimeambiwa niibebe, sikuambiwa niifufue."

Amri ilikuwa kompyuta iunganishwe kwenye betri hivyohivyo. Karani akazima, akaunganisha, akawasha tena. Umeme wa ukutani ulipita ndani ya betri kama maji ndani ya bomba, bila kubakiza hata tone.

Bwana Baridi akaja kupitisha jicho. Alisifu lebo. Kisha akaliona daftari. Karani akaeleza kwamba mle mna orodha ya macho, ikitokea la kutokea. Bwana Baridi akasema hiyo ndiyo aibu yenyewe, hospitali imetangaza ofisi zisizo na karatasi, halafu wageni wakute siri za wagonjwa kwenye daftari la mtoto wa darasa la tatu. Akamwita mfagiaji, akamwambia achome, tena upesi. Karani alitaka kumfuata mfagiaji mpaka kwenye tanuri la taka, lakini gari la wakaguzi lilikuwa limekwisha kupiga honi getini.

Walikuwa wawili. Mmoja aliuliza, mwingine aliweka tiki kwenye tableti. Betri ya akiba ipo? Ipo. Lebo? Ipo. Inafanya kazi?

Bwana Baridi akacheka. "Tuchomoe muone wenyewe."

Karani akasimama. "Bosi, samahani, betri hii..."

"Karani. Wageni wanaongea."

"Naomba nihifadhi kwanza, bosi. Dakika moja tu."

Hakungoja ruhusa. Akabonyeza, na mashine ikaanza kukohoa, inaiandika orodha upya, jina baada ya jina, kwa uzee wake. Ilikuwa katikati ya kuandika Bwana Baridi alipoinama, tabasamu likiwa usoni, akachomoa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Juu yao pangaboi liliendelea kuzunguka vizuri kabisa.

Walipoiwasha tena kompyuta, orodha ilifunguka ikiwa ukurasa mweupe. Mkaguzi alijaribu mwenyewe mara tatu. Kwa kuwa ilikatwa ikiandika, akasema, ya zamani imefutika na mpya haijaingia. Akauliza ilipo nakala. Tarishi alitumwa nyumbani kwa mkuu, akarudi na flashi. Ndani yake mlikuwa na picha mia nne za harusi ya binti wa Bwana Baridi, na nakala ya orodha haikuwamo; ilikuwa imefutwa ili picha zienee. Moja ilifunguka ikajaza kioo: bibi harusi anacheka, amefumba macho.

"Hongera," mkaguzi akamwambia Bwana Baridi.

Mfagiaji naye aliitwa. Akasimama mlangoni akipangusa mikono. Alisema aliambiwa upesi, akachoma upesi.

Taarifa haikuchukua muda. Betri ipo. Lebo ipo. Kumbukumbu zimepotea kwa uzembe wa mtumishi, ambaye alibonyeza vitufe wakati wa ukaguzi bila idhini. Karani aliambiwa atie sahihi kwa kidole juu ya tableti. Alisema hakubali. Bwana Baridi akamweleza kwa upole, kama anayemsaidia, kwamba mtu asiyekubali kosa hawezi kuachiwa kompyuta kesho. Karani akaweka kidole.

Wakaguzi walipokwenda kunywa kitu, Bwana Baridi alisema orodha mpya inaanza sasa, na Alhamisi daktari apewe kumi wa kwanza. Akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa koti.

"Anza na hawa."

Karani akaitazama. "Karatasi, bosi?"

"Chapa."

Akachapa. La kwanza na la pili yalikuwa ya ukoo wa bwana harusi wa zile picha. Jina la mama mkwe halikuwamo. Alipomaliza la kumi, Tarishi akaja kuchukua betri: ingawa imekufa, waya wa friji ulikuwa mfupi, bila betri haufiki ukutani. Mikono yake ilikuwa imejaa. Akamwomba Karani amfungulie mlango, na Karani akamfungulia.

Nyumbani alimkuta mama mkwe ameketi kizingitini, gauni la bluu la kwendea hospitali Alhamisi mapajani, anapapasa pindo kuona kama uzi umeshika.

"Umewahi leo, mwanangu. Umeme umekatika huko?"

"Haukukatika, Mama."

Akamweleza yote. Hakumficha hata karatasi ya mfukoni. Mama mkwe alilikunja gauni, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama leso. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Pengine alikuwa akiomba. Kisha akauliza kama kalamu ipo.

"Kila mwezi tukija hospitali kuhakikisha majina, tunakaa kwenye benchi kwa kufuata zamu za orodha," akasema. "Asiyeona anamjua jirani yake. Andika. Wa kwanza ni mama muuza mkaa, yule wa kifua. Wa pili Fundi Viatu. Wa tatu mwalimu mstaafu, anayejidai haoni jicho moja tu."

Karani akaandika nyuma ya kalenda. Walipofika wa nane mkono ukasimama.

"Mama, hawataipokea. Ni karatasi. Na Alhamisi imeshajaa."

"Sijakuuliza kama wataipokea. Wa tisa ni mimi. Wa kumi, dobi."

Wakaendelea. Jua likazama, Karani akawasha taa. Wengine mama mkwe aliwajua kwa kikohozi, wengine kwa fimbo, wawili kwa ugomvi wao. Mmoja alikuwa amekwisha kufa, mama mkwe akaamuru aandikwe na zamu yake iachwe wazi. Mara taa ikazimika na redio za majirani zikanyamaza kwa pamoja, mtaa mzima.

"Umekatika," mama mkwe akasema.

"Umekatika."

"Wa arobaini na mbili," akasema, na sauti yake haikupunguza mwendo. Karani akaupapasa mwisho wa mstari kwa kidole, akaandika gizani.