Shibe na Njaa

Mirija ile ya kauri niliiunda mimi, na nitajisifu bila haya: tuliipasha hadi nyuzijoto elfu moja na mia mbili, haikupata hata ufa wa unywele. Ile ya kununua, tuliyoitumia kabla yake, ilipasuka kama yai lililosahauliwa jikoni.

Mwenye maabara ni shangazi yangu. Anatafuta muungano baridi, yaani kuunganisha viini vya atomi vitoe joto bila kuhitaji moto kama wa jua. Wenzake wa chuoni walimcheka, wakambandika jina la Bi Barafu.

"Baridi gani hii ya nyuzi elfu?" nilimtania siku ya kwanza, jasho likinitiririka mgongoni.

"Ukilinganisha na jua, mwanangu, hapa ni jokofu."

Kila jaribio tulipasha mirija miwili pamoja, kwa umeme uleule. Mmoja tuliujaza unga wa nikeli na gesi ya hidrojeni. Huyo tulimwita Shibe. Wa pili haukuwa na kitu. Huyo ni Njaa. Shibe akimzidi Njaa kwa joto, basi huenda tumboni mwake kuna jambo.

Na Shibe akaanza kuzidi. Nyuzi arobaini, kila tukiwasha. Shangazi akawa anatembea kama aliyevaa viatu vipya. Akawaalika walewale waliomwita Bi Barafu, waje wajionee.

Wakaja watatu, wakasimama mbele ya tanuri wamekunja mikono. Vipimajoto vikapanda: Shibe mbele, Njaa nyuma, arobaini ileile. Mmoja wao, mnene, mwepesi wa kucheka, akainama kusoma vipimo. Shangazi akanikonyeza.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye tanuri. Shibe tulimlaza kushoto siku zote, kwa mazoea tu, na ukuta wa kushoto ulikuwa umejengwa upya majuzi. Matofali yake meupe, mazima. Ya kulia yamechoka, yana nyufa. Joto lingekosaje kutorokea huko?

"Shangazi, tuwabadilishe nafasi."

"Nani?"

"Shibe aende kulia, Njaa aje kushoto. Sasa hivi, wakiwapo."

"Wewe mtoto, una wazimu? Wageni wamesharidhika!"

"Ndiyo maana."

Akanitupia jicho ambalo lingechoma kauri bila umeme. Lakini yule mnene alikwishasikia. "Badilisheni, badilisheni," akasema, akijivutia kiti.

Tukazima, tukangoja tanuri lipoe, nikavaa glavu nikawahamisha. Tukawasha tena. Safari hii Njaa, mrija mtupu usio na chembe ya unga, ndiye aliyetangulia. Nyuzi arobaini. Joto lile halikuwa la nikeli. Lilikuwa la ukuta.

Mnene alicheka mpaka miwani ikamvuka. "Hongera, Bi Barafu! Umegundua tofali!"

Wakaondoka na kicheko chao hadi barabarani. Shangazi akafunga mlango, akauegemea.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimekuvisha. Ungetangaza, wakajaribu kwao, wakaona wenyewe, ungechekwa na dunia nzima. Leo wamekucheka watatu."

"Si ungeninong'oneza jana?"

"Jana sikuwa nimeona. Nimeona leo."

Akaliendea tanuri, akagonga tofali moja la kulia kwa kidole. Likamwagika vumbi. Akalitazama vumbi lile, kisha akavuta pumzi.

"Kesho tunabomoa kuta zote mbili. Tunajenga sawasawa, tunaanza upya." Akanigeukia. "Lakini utaniomba radhi kwanza. Mimi ni shangazi yako."

Hapo nikasimama wima. Mirija yangu imepashwa, imepozwa, imehamishwa, ikapashwa tena, na ni mizima. Vipimo vyetu vimesema kweli mbele ya watu waliokuja kututafutia uongo. Kama kuna maabara nyingine iliyojihukumu yenyewe hadharani namna ile, nitajieni niende nikaisalimu.

"Shikamoo nakupa kila siku, Shangazi, na kesho nitakuja mapema kubomoa," nikamwambia. "Radhi siombi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."