Usikae Chini Pale Getini

Basi la uwanja wa ndege huondoka stendi ya Tabora likiwa halijajaa, na hilo peke yake lilimtia Mzee Mfaume wasiwasi. Alikaa kiti cha nyuma ya dereva, kanzu imenyooshwa kwa pasi, kiganja juu ya moyo wake mbovu, akavikodolea macho viti vitupu.

"Basi lisilo na watu lina kasoro," alimwambia binti yake. "Ungeuliza kwanza."

"Nimeuliza, baba. Halina kasoro. Wanaokwenda kupanda ndege ni wachache tu."

Kwa kuuliza, Najiat hakuwa na mpinzani. Alikuwa fundi cherehani pale Ng'ambo, na wateja wake walikwishazoea kwamba hupimwi gauni bila kuulizwa utalivaa wapi, nani anaoa, na yule wa kwanza kaachwa kwa sababu gani. Mmbea hakuwa, tusimsingizie. Akishajua, ananyamaza na kuendelea kukata kitambaa. Alitaka kujua, basi.

Daktari wa Dar es Salaam naye, Najiat alikuwa amekwisha kumhoji kwenye simu mpaka akamchosha. Jibu lililobaki kichwani lilikuwa moja: mzee apasuliwe kesho asubuhi, na kabla ya hapo asitembee. Safari ya basi ya kutwa nzima moyo hauiwezi, aletwe kwa ndege.

"Hata uani asiende?" Najiat aliuliza.

"Uani aende. Zaidi ya hapo mnamuua."

Kwa hiyo Najiat alijipanga. Teksi zenye kibali cha kuingia uwanjani zilikuwa zimekodiwa zote na wageni wa semina, na gari dogo la kuazima halikupatikana, lakini kwenye simu alihakikishiwa kwamba kiti cha magurudumu kitamngoja mzee getini. Aliuliza mara tatu, kwa watu watatu. Wote walisema kipo.

Modest, dereva wa basi, mtu wa Ulyankulu mwenye rozari inayoning'inia kwenye kioo, alipita Mtendeni polepole akikwepa mashimo kwa ajili ya mgonjwa. Kisha akashika barabara ya uwanja, akasimama getini, akazima injini. Kiti cha magurudumu hakikuwepo.

Sasa hapa lazima nieleze, maana huenda wewe unatoka mbali. Basi haliingii uwanjani. Liko geti la nje, na ubao wa bati umeandikwa: MABASI, BAJAJI NA BODABODA MWISHO HAPA. Mwenye gari lake dogo anapita na mkono anapungiwa. Sisi wengine tunateremka, na kutoka hapo hadi jengo la abiria ni mwendo wa mtu kumaliza kutafuna muwa, juani, bila kivuli hata cha dawa. Watu wamelalamika mpaka koo zikakauka. Hujibiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Jambo la pili ni kwamba geti limejengwa mahali pa kambi ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Wapagazi waliokufa njiani hupita hapo kila siku ya ndege. Na kwao sheria ni ile ile ya kambini: kilichowekwa chini ni mzigo, na mzigo unakwenda Bagamoyo. Ndiyo maana ukifika pale utawaona watu wa Tabora wamesimama na mabegi vichwani na mabegani, wanatoka jasho, hakuna anayetua. Wageni hutua. Begi la mgeni hubebwa kwa miguu, hupita Tura, hupita Ugogo, na baada ya miezi hufika Bagamoyo likiwa salama kabisa, hata zipu haijaguswa. Iko familia Mtendeni inayomtumia shangazi yao madumu ya asali kwa njia hiyo, na haijawahi kumwagika hata tone.

"Baba, simama ushike hii nguzo," Najiat alisema. "Usikae chini. Umenisikia?"

"Nimezaliwa Tabora mimi. Unanifundisha?"

Najiat alimfuata Leodgar, mlinzi wa geti, kijana mpole mwenye filimbi shingoni. Alimwomba amruhusu Modest aingie na basi, mara moja tu, kwa sababu ya mgonjwa. Leodgar alimsikitikia kwa dhati. Alisema naye ana mama mgonjwa. Kisha akaonyesha ubao, akapuliza filimbi, na Modest ikabidi aondoke, kwa kuwa basi likishateremsha haliruhusiwi kuendelea kusimama.

"Na kiti?"

"Kiti kipo, dada. Kipo ndani. Kimefungiwa, na mwenye ufunguo yuko kwenye semina."

"Semina ya nini?"

"Huduma kwa wateja."

Najiat alitaka kuuliza nani anaendesha hiyo semina, na hapo ndipo alipozisikia njuga za msafara. Aligeuka. Baba yake alikuwa amekaa chini.

Jamani, mzee alikuwa amechoka. Mguu ulimlegea, nguzo ikamteleza mkononi, akakaa kwenye vumbi na kanzu yake safi. Hata kabla hajatafuta namna ya kuinuka, msafara ulikuwa umefika. Walikuja kwa mstari mmoja, wamejifunga kaniki, miguu imepauka kwa vumbi la miaka, kila mmoja na mzigo begani. Wawili walitandika machela, wakamlaza mzee kwa adabu, mmoja akamrekebishia kanzu ikafunika vifundo vya miguu. Wakamwinua. Msafara ukashika njia ya mashariki, na jengo la abiria likabaki mgongoni.

"Najiat!" mzee aliita, kwa sauti ya mtu aliyekosea na anajua. "Wananichukua!"

Ndege ilikuwa imekwisha kutua. Najiat aliiona ikizunguka mwisho wa njia yake. Akafunga khanga kiunoni, akakimbia kando ya mstari mpaka mbele, alipokuwa kirangozi. Kirangozi ndiye anayeongoza msafara. Huyu alivaa shuka jekundu na manyoya kichwani, akipiga ngoma ndogo bila haraka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi naitwa Mayala. Watu wako hawajambo?"

"Hawajambo, ila mmoja mmembeba. Yule si mzigo, ni baba yangu. Ana ndege."

Mayala alitembea hatua kadhaa akilifikiria hilo. "Alikuwa chini," alisema.

"Alichoka."

"Wengi wetu tulichoka." Hakusema kwa ubaya. "Mimi siwezi kugeuza. Msafara unamfuata aliye mbele, na aliye mbele anakwenda pwani. Tulipokuwa hai hatukufika. Wengine ndui, mimi kiu, kwenye nyika ya Mgunda Mkali. Siku hizi tunafika kila safari."

"Na huko pwani anawapokea nani?"

"Hakuna mtu."

"Sasa nani amewaambia muendelee kubeba?"

"Nani ametuambia tuache?" Mayala alimtazama kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyefurahi kuulizwa. "Hujawahi kusikia mtu akituambia?"

Najiat alifikiri vizuri. Shuleni walisoma habari za misafara, pembe zilikwenda wapi, nani alitajirika. Kuhusu wapagazi kuambiwa wamemaliza kazi, hakukumbuka kusoma mahali popote. Alimwambia hivyo. Mayala aliitikia kwa kichwa na kuendelea na ngoma.

"Mtu akikupita akawa mbele?" Najiat aliuliza.

"Hapitwi kirangozi. Anayenipita anashika mzigo."

"Kwa muda gani?"

"Hilo hatujawahi kuulizwa."

Najiat aligeuka kumwangalia baba yake. Midomo ilikuwa inaanza kuwa na rangi ya majivu. Alifikiria cherehani yake Ng'ambo, na gauni la harusi la Tunu, jirani yake, lililobakia kushonwa mikono tu. Aliogopa, wallahi aliogopa. Akampita Mayala.

Hakikulia kitu, wala upepo haukuvuma. Mpagazi aliyekuwa nyuma ya kirangozi alimtwika gunia begani, gunia zito kiasi cha gunia lolote la karanga, na Mayala akabadilisha mdundo wa ngoma. Najiat akazunguka kushoto, akarudi magharibi, na msafara mzima ukazunguka nyuma yake. Walipofika getini Leodgar alikuwa amesimama katikati, filimbi mdomoni. Aliusoma ubao. Mabasi, bajaji, bodaboda. Akausoma tena toka juu. Misafara haikutajwa.

"Piteni," alisema, akawafungulia geti lote.

Walimfikisha mzee mpaka mlango wa ndege, wakampandisha ngazi ndani ya machela. Mhudumu aliomba machela irudi chini kwa kuwa haina mkanda wa usalama, nao wakaichukua. Abiria mmoja alisema huduma imeboreshwa sana siku hizi.

Mzee Mfaume alikaa kwenye kiti chake akapata pumzi, kisha akaona binti yake bado yuko chini ya ngazi.

"Panda basi! Wanatungoja sisi."

"Siwezi, baba. Nimeshika mzigo."

Mzee alikuwa mtu wa Tabora, hakuhitaji kuelezwa. Alimtazama mwanawe aliyesimama juani na gunia begani, kaniki za watu waliokufa zimejipanga nyuma na mbele yake, na akalia wazi wazi bila kujifuta.

"Ni mimi niliyekaa chini," alisema. "Uliniambia."

"Ulichoka, baba. Shangazi Sikuzani atakupokea Dar. Kula anachokupa, hata kama hakina chumvi."

Mzee alipasuliwa, na upasuaji ukaenda salama. Katika siku zake za kulala hospitali, Najiat alikuwa akimpigia simu kutoka getini, msafara ukipumzika. Alikwisha kuyajua mengi. Kwamba mpagazi hubadilisha bega kila anapopanda kilima. Kwamba nyimbo zao nyingi ni za kumsema tajiri wa msafara bila kumtaja. Kwamba mmoja wao, mrefu, aliacha mke Usagara na hajui kama alisubiriwa. Aliwauliza kama kufupishiwa safari kumewapunguzia uchovu, maana tangu alipowageuza hawaendi tena pwani, wanabeba kutoka basini hadi ndegeni na kurudi. Walijadiliana. Wakasema uchovu ni ule ule, ila bahari wameikosa. Gauni la Tunu alilimalizia hapo hapo getini, na harusi ilifana. Leodgar aliulizwa na Najiat, kila siku, lini basi litaruhusiwa kuingia, na kila siku aliahidi kuliuliza juu.

Na kweli aliuliza. Wakubwa wenye geti wakaja, wamevaa beji za semina, wakasimama kivulini mwa gari lao wakitazama. Waliona abiria wakiteremka basini mikono mitupu, mizigo inakwenda yenyewe kwa mstari, wagonjwa na wajawazito ndani ya machela, hakuna anayelalamika. Walifurahi sana. Mmoja alimuuliza Najiat kama ana changamoto yoyote.

"Basi liingie ndani," Najiat alisema. "Na hawa waambiwe wamemaliza."

Mkubwa alisema hilo la kwanza halina haja tena, kama anavyoona mwenyewe. La pili haliko chini ya ofisi yake. Wiki ile ile ubao wa bati ulipakwa rangi mpya na kuongezwa mstari: ABIRIA WA MABASI WATUMIE WAPAGAZI.

Mzee Mfaume alirudi na ndege ya mchana. Aliteremka ngazi kwa miguu yake, uso umejaa, na Najiat alikuwa chini akimngoja. Alimpokea begi kabla hajalitoa mkononi. Walitembea pamoja hadi getini, baba na mwana, juani, naye mzee hakupumzika hata mara moja. Alimweleza binti yake jinsi daktari alivyokuwa mdogo kwa umri, na chakula cha Sikuzani kilivyokuwa hakina chumvi kama alivyoambiwa. Najiat aliuliza kila kitu. Moyo wenyewe waliuona? Una rangi gani? Mzee alisema hakuonyeshwa, na binti akasikitika kwamba hakuwepo aombe aonyeshwe.

Basi la Modest lilikuwa linapakia. Najiat alimwingizia baba yake begi, akashusha mguu chini, akabaki chini. Mayala alikuwa akingoja na ngoma, na mgeni mmoja alikuwa ametua masanduku yake.

"Nitakuletea chakula," mzee alisema dirishani.

"Lete na sindano, baba. Na uzi mweusi, kaniki zao zimechakaa."

Leodgar alipuliza filimbi. Siku hiyo basi lilikuwa limejaa, watu mpaka mlangoni. Mzee Mfaume alikaa kiti cha nyuma ya dereva, akavua kofia yake, akaiweka kwenye kiti cha pembeni. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinama.

"Samahani, mzee. Hapa pana mtu?"

"Pana mtu."

"Yuko wapi?"

"Kazini," mzee alisema.

Modest aliwatazama kwenye kioo, akawasha injini. Yule mama alisimama mpaka mjini.