Amri Iliyokatazwa Kukataa

Mkurugenzi wa ofisi ile alikuwa mtu wa vitufe. Kitu kisicho na kitufe cha kubonyeza, cha mviringo na chenye kivuli kidogo pembeni, kwake hakikuwa teknolojia. Ndiyo maana alilichukia dirisha jeusi la fundi wake, lile la kuiandikia kompyuta amri kwa maneno matupu. Alisema linamkumbusha wezi wa benki kwenye sinema.

Fundi mwenyewe, dada mwembamba mwenye ulimi wa pilipili, alilipenda dirisha lake kupita kiasi. Humo alikuwa ametengeneza amri moja, peleka. Ukiiandika, kwanza inaupima mfumo kwa majaribio arobaini, ndipo inaupandisha mtandaoni. Jaribio moja likishindwa, amri inagoma na kuandika kwa rangi nyekundu: SIPELEKI, na sababu chini yake. Katika ofisi nzima, ni hiyo peke yake iliyothubutu kumwambia bosi hapana.

Safari hii mfumo ulikuwa wa kliniki ya macho: kuwapangia wagonjwa saa zao na kuwatumia ujumbe kwenye simu. Mama yake Fundi alikuwa mmoja wao. Mtoto wa jicho alikuwa amemfikisha mahali pa kumimina chai nje ya kikombe, na kwa miezi minane alikuwa akingoja zamu yake huku akiwatangazia majirani kwamba mfumo huo anautengeneza mwanawe. Usipopanda Ijumaa, kliniki ingeiahirisha orodha yote.

Alhamisi Mkurugenzi alikuja na maagizo mawili, yote ya busara yake ile ile. Kwanza, wekundu uondoke, maana wageni wakiuona watadhani ofisi ina matatizo. Pili, amri iache kugoma.

"Mimi ndiye mwenye ofisi," alisema. "Siwezi kukataliwa na maandishi."

Fundi alibishana hadi sauti ikamkauka. Kisha akamfikiria mama na ile chai, akajisemea moyoni, funika kombe mwanaharamu apite. Akageuza kila kitu kuwa kijani, kufaulu na kufeli, akaiachia amri isonge mbele liwalo na liwe. Alijiapia kwamba mistari yote arobaini ataisoma mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi alipata wazo, na wazo lake halikuwahi kuja bila hasara. Kwenye fomu ya mgonjwa, nafasi ya kujaza saa isikae wazi, alisema. Iandikwe saa mbili asubuhi tangu mwanzo, inapendeza. Fundi akaiweka harakaharaka, wageni kutoka kliniki wakiwa wameshakaa. Mkurugenzi akataka kuandika amri kwa mkono wake mtukufu. Aliitafuta herufi P kama mtu aliyepoteza funguo, akamaliza neno, akabonyeza. Kijani kikamiminika, wageni wakapiga makofi.

Fundi alianza kusoma. Alipofika mstari wa kumi na moja akakitazama kile kijani chote, roho ikatulia, akaacha. Mstari wa ishirini na saba ulisema, kwa kijani kizuri kabisa, kwamba wagonjwa wote mia mbili na kumi na wawili wamepangiwa saa mbili kamili, Jumatatu.

Jumatatu walifika wote. Daktari aliwaona kumi na wanne. Waliobaki waliambiwa warudi baada ya miezi miwili. Mkurugenzi alipomaliza kufokewa na kliniki kwenye simu, alimwendea Fundi mezani akiwa ameduwaa kwelikweli, akasema lakini ilikuwa kijani. Fundi aliufungua tena mstari wa ishirini na saba. Na yeye alikuwa amedanganywa na kijani hicho hicho, tena alichokipaka mwenyewe. Aliona aibu, akaanza kurudisha wekundu bila kuomba ruhusa.

Hajamaliza, simu ya mama ikaingia. Mama hakuwa katika wale kumi na wanne. Alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa moja, na sasa anatafuta mtu wa kumvusha barabara arudi nyumbani. Fundi alianza kuomba radhi, mama akamkatiza kwa upole.

"Foleni nzima ilikuwa inamlaani aliyetengeneza kitu hicho," alisema. "Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia amina. Na mimi niliitikia, mwanangu. Ningenyamaza wangejua ni wangu."