Sauti Mbili za Shemeji

Mpiga besi alianza kumshuku shemeji yake siku piano ilipokosa sauti ya so.

Kwa miaka tisa walikuwa wakipiga bluzi na jazi kila Jumapili mchana katika mgahawa uleule. Yeye aliikumbatia besi yake ndefu, na mume wa dada yake aliinamia piano, huku wateja wakitafuna na kusahau kupiga makofi. Walielewana bila kutazamana. Hasa kwenye kodi ya saba, lile fungu la sauti nne, so, ti, re na fa, ambalo likilia sikio halitulii mpaka muziki urudi nyumbani kwenye do. Shemeji alikuwa akizibonyeza zote nne, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikikanyaga so kule chini kabisa.

Sasa alibonyeza ti na fa, basi.

"Mbona siku hizi unabana sauti?" mpiga besi alimuuliza.

"Ndiyo jazi yenyewe, shemeji. Hizo mbili ndizo zenye kazi. Zilizobaki nakuachia wewe."

Nakuachia wewe! Mpiga besi hakuzaliwa jana. Wiki iyo hiyo bosi wa mgahawa alikuwa amewatangazia kwamba mwezi ujao anakuja mwimbaji na gitaa lake, naye anahitaji mtu mmoja tu wa kumsindikiza. Mmoja abaki, mmoja aende. Halafu ghafla shemeji anamwachia msingi wote mtu mmoja, ili akiteleza tu kila mtu asikie nani kateleza? Ukarimu gani huo?

Tangu hapo hakuna kilichompita. Alimwona shemeji akinong'ona na bosi karibu na mlango wa jikoni, wote wakanyamaza alipokaribia. Akaona mkono wa kushoto haukosi kuwa mfukoni wimbo ukiisha, kama mtu anayeficha barua. Alimpigia simu dada yake. Dada, ambaye tangu utoto hakuweza kuweka siri hata ya nani kala sukari, akajibu, "Muulize mwenyewe," akakata. Hapo machale yakamcheza kweli kweli. Hata nyumbani wamekula njama, alijiambia, na ikamuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Basi akatega mtego. Jumapili iliyofuata bosi angekaa meza ya mbele awasikilize kabla ya kuamua. Kwenye kodi ya saba, yeye hatapiga so. Atapiga re iliyoshushwa nusu, sauti iliyo mbali na so kuliko zote. Shemeji atababaika, atarukia zile sauti alizokuwa akizibana, na so na re zake zitagombana na besi hadi vijiko vianguke. Nani atalaumiwa? Sauti zikigombana, masikio ya wateja hukimbilia piano kwanza. Alijua ni uchafu. Lakini alijiambia kwamba si yeye aliyeanza.

Jumapili ikafika. Bosi akaketi mbele na kikombe chake cha chai. Walianza bluzi ya polepole, mzunguko wa kwanza salama, wa pili salama. Wa tatu, kodi ikakaribia, na mpiga besi akaivuta ile re yake mbovu kwa nguvu zake zote.

Piano ikajibu: ti na fa.

Haikugombana. Zile sauti mbili zilikaa juu ya besi kana kwamba zilikuwa zikiisubiri, giza tamu ambalo hakuwahi kulisikia kutoka mikononi mwao, kisha besi ikateremka hatua ndogo moja tu, ikatua kwenye do. Mkono wa kulia wa shemeji ukachachamaa. Mtu mmoja akaweka uma chini. Bosi akasahau chai.

Wakati wa mapumziko shemeji alimvuta hadi stoo, katikati ya kreti za soda. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

Shemeji akautoa mkono mfukoni. Kidole cha pete na kidole kidogo vilikuwa vimejikunja, haviitiki. "Huu mwezi wa pili. So siifikii tena. Nilimwomba dada yako asikwambie, ungenionea huruma. Na bosi nilishamwambia abaki na wewe, ila akataka kutusikia wote kwanza. Nilitaka tu nimalize bila aibu. Wewe ukaniwekea sauti inayokubaliana na zile mbili ambazo vidole vyangu vitatu vinaziweza. Umeniokoa, shemeji."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Shukrani ilikuwa imeshatolewa, na nafasi ilikuwa yake. Mpiga besi aliangalia vile vidole, akajiona mchafu.

"Sikukuokoa," alisema. "Nilikuwa nakutega. Nilitaka ukosee mbele ya bosi."

Jikoni mtu aliangusha sufuria, akalaaniwa. Shemeji akaurudisha mkono mfukoni, kidole kimoja kimoja.

"Basi twende," alisema bila kucheka. "Mzunguko wa tatu, nitege tena."