Maneno ya Mwisho ya Meneja

Mwalimu wa maigizo gerezani kwetu aliuchukua mchezo wa kale wa mfalme aliyesalitiwa na mdogo wake akafungiwa kisiwani, akaugeuza: mfalme akawa meneja wa kiwanda, kisiwa kikawa stoo. Umeneja akanipa mimi. Hee! Alijuaje? Mimi fundi cherehani, nimefungwa miaka tisa kwa mali ya wizi iliyokutwa kwenye chumba changu cha kushonea, na aliyeificha pale ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mahakamani aliapa hajui lolote, macho makavu!

Basi nikamwalika. Mwishoni mwa mchezo meneja anamsamehe mdogo wake. Mimi nilipanga kuyaacha maneno ya mwalimu, nimtaje yule mshenzi mbele ya mkuu wa gereza na wageni wote. Miezi mitatu nilishona mavazi ya mchezo huku nikiyarudia maneno yangu kimoyomoyo. Nilitaka aumbuke, basi.

Siku yenyewe akaja na mama.

Mama haoni vizuri, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mdogo wangu alimleta hadi nyuma ya pazia, kamshika mkono, ananukia marashi. "Mama, kaka huyu hapa. Si nilikwambia amepata kazi ya maigizo mbali?"

"Ndiyo maana huji nyumbani," mama akasema, akinipapasa uso. "Umekonda, baba. Kazi nyingi?"

"Nyingi, Mama."

"Presha yake haitaki mshtuko, kaka," mdogo wangu akaninong'oneza. Alijua nilichopanga! Ananijua tangu tukilala kitanda kimoja. Jamani, nilitamani kumnyonga.

Tukacheza hadi mwisho. Wao wamekaa mstari wa mbele, mama kainamisha kichwa, anasikiliza. Maneno yangu yalikuwa mdomoni kabisa, nikamtazama mama. Mwenzangu nyuma ya pazia akadhani nimesahau, akanikumbusha kwa sauti ya chini.

"Nimekusamehe," nikasema. Mama ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Tulipokuwa tunaagana, askari akapaza sauti: "Mia nne kumi na mbili, ndani!"

"Anamwita nani?" mama akauliza.

Mdogo wangu akababaika. Mara hii hakuwa na uongo tayari. Akanitazama mimi.

"Ananiita mimi, Mama," nikasema. "Ndilo jina langu la jukwaani."