Mtihani Uliofungwa Saa Sita

Jana nililala na hasira, nikaota nazo.

Si hasira za kujitafutia. Mimi napiga deki kwenye zahanati ya misheni. Sista Eskolastika, msimamizi wetu, aliahidi kunihamishia stoo ya dawa nikimpelekea cheti Jumatatu. Nikajisajili kozi ya bure mtandaoni, utunzaji wa dawa. Wiki saba napanda kilimani kutafuta mtandao, mpaka mbuzi wa kule wananizoea. Tangazo likasema, kwa Kiswahili kabisa, mtihani unafungwa Jumamosi saa 6. Nikafika saa tano asubuhi, nimejiandaa. Umefungwa tangu alfajiri! Kumbe wenyewe wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane, na aliyewatafsiria hakujisumbua kuuliza mtu.

Basi kwenye ndoto nipo mbele ya mlango wa kozi. Umeandikwa kuwa uko wazi kwa wote, na kweli uko wazi, ila umetundikwa juu ya nguzo ya umeme na ngazi hakuna. Napanda hivyo hivyo, na ndoo yangu na dekio.

Ndani ni wodi ya zahanati yetu. Vitandani wamelazwa wanafunzi wa dunia nzima, kila mmoja ametundikiwa dripu ya masomo. Mwalimu kasimama katikati, mdomo wazi, kiduara cha kusubiri mtandao kinamzungukia kwenye paji la uso. Amekwama tangu wiki ya pili. Namuuliza mtihani wangu uko wapi. Kiduara kinazunguka tu. Namsogeza kwa dekio, nadeki pale alipokuwa.

Saa ya ukutani ndiyo inayojibu. Imevaa tai. Inasema kozi ni ya bure, na wa bure halalamiki. Aliyechelewa ni mimi.

Hapo nikaipa vidonge vyake. Nikaiambia huku kwetu jua likichomoza ni saa kumi na mbili, toka bibi yake hajazaliwa. Nikaiambia ukimwita mgeni kwenye mlo kisha ukamfungia mlango, umemtukana, hata kama chakula hukumuuzia.

"Andika tangazo upya," nikasema. "Andika saa sita mchana."

"Dada Sekela, neno mchana halimo kwenye mfumo."

"Litaingia."

Nikaushika mshale wake mrefu kwa mikono miwili, nikauzungusha kinyume. Saa ikalia kwa sauti ya Sista Eskolastika. Sikuiachia. Wanafunzi wakaanza kuchomoa dripu, mmoja mmoja, wakaja kunishikia ngazi ambayo haikuwepo. Mwishowe ikaandika, herufi moja moja, kwa ile dawa ya zambarau tunayopaka vidonda.

Nikaamka mgongo umelowa. Kumekucha, Jumapili. Simu yangu, ambayo nyumbani haijawahi kushika mtandao, ina ujumbe: mtihani umefunguliwa tena, leo hadi saa 6 mchana. Neno la mwisho peke yake lilikuwa la zambarau.

Radhi hawakuomba. Nikavaa viatu, nikapanda kilima.